Kigango kimerudi Kenya. Je, kimerudi kwao?

Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, yalirejesha Kenya vigango 37. Kila habari ya namna hii inapotoka, maswali huwa yale yale, mitandaoni na hata kwenye mihadhara ya makumbusho inayoandaliwa kwa ajili ya wananchi. Hivi ni vinyago au ni alama za makaburi? Si vitu vya uchawi hivi? Na kama kweli ni vya watu wa Kilifi, pwani ya Kenya, mbona vimeishia Nairobi? Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, ila halijibiki mpaka mengine yanyooshwe kwanza.

Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa na kusimamishwa kwa heshima ya mzee aliyefariki, ambaye enzi za uhai wake alikuwa mwanachama wa Gohu. Gohu ni chama cha wazee wenye mali na hadhi. Mtu haingii hivi hivi: huingia kwa kukubaliwa na waliomtangulia na kwa kugharamia karamu zao, yaani mifugo, chakula na mnazi (pombe ya mnazi) wa kutosha. Desturi hii ni ya Wamijikenda, ambao kwa hesabu ya kawaida ni tisa: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Waribe, Warabai, Waduruma na Wadigo. Lakini si wote tisa wanaosimamisha vigango. Walio mstari wa mbele ni Wagiriama, pamoja na baadhi ya jirani zao wa karibu.

Kuna pia koma. Kwa jina hilo huitwa roho ya mhenga, na huitwa vilevile kijiti kifupi kisicho na nakshi nyingi kinachochomekwa ardhini kwa ajili ya marehemu wa kawaida, mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo ukiingia kwenye mji wa Kigiriama, yaani boma la ukoo, ukakuta vijiti vingi vifupi na nguzo mbili tatu ndefu zilizochongwa, umeona koma na vigango pamoja. Kila mji una wazee wake walioondoka, lakini ni wachache miongoni mwao waliokuwa Wagohu.

Kigango chenyewe huchongwa kwa mti mgumu ambao mchwa huushindwa. Vingi vina urefu wa kati ya mita moja na mbili, na vichache huzidi hapo. Juu kuna kichwa, aghalabu cha duara bapa, chenye macho, pua na mdomo vilivyochongwa kwa uchache. Chini ya kichwa kuna shingo, halafu kiwiliwili kirefu kama ubao, kisicho na mikono wala miguu. Kiwiliwili ndicho kinachobeba nakshi: pembetatu ndogo ndogo zilizokatwa kwa ncha ya kisu na kupangwa safu kwa safu, na wakati mwingine mikato kando kando ya ubao. Sehemu ya chini kabisa huachwa bila nakshi kwa kuwa inazikwa ardhini. Vitambaa vyeupe, vyekundu na vyeusi au vya buluu hufungwa shingoni au kiunoni.

Hakichongwi siku ya msiba. Mzee huzikwa kwanza, na maisha huendelea kwa miezi, pengine miaka. Kisha jambo hutokea: marehemu anamjia mwanawe ndotoni na kulalamika kwamba amesahauliwa, au mtoto anaugua asipone, au mvua inakataa na mifugo inakufa. Familia huenda kwa mganga kutafuta sababu, na jibu likiwa ni kwamba mzee anadai kigango chake, ndipo gharama huanza kuhesabiwa. Wagohu walio hai huitwa, mchongaji hutafutwa, kuku huchinjwa, mnazi humwagwa chini na mwingine hunywewa. Kigango husimamishwa mjini, mahali wazee wanapoketi, na kuanzia siku hiyo mhenga ana pa kufikia. Wanawe wakiwa na shida watakwenda hapo kumweleza, na wakipata neema watakwenda kumshukuru.

Baada ya kusimamishwa, kigango hakiondolewi. Kanuni hii ndiyo iliyoleta balaa lote tutakalolieleza. Miji ya Wagiriama zamani ilihamahama: shamba likichoka au ukoo ukigawanyika, watu walijenga upya kwingine. Vigango vilibaki pale vilipo. Mhenga hahamishwi. Mgeni akipita miaka 20 baadaye ataona nguzo zilizopauka katikati ya kichaka, hakuna nyumba, hakuna mtu, na atasema zimetelekezwa. Mwenyewe yuko ng'ambo ya bonde, na anajua kila nguzo ni ya nani.

Sasa yale yanayosemwa visivyo. Kigango hakiko juu ya kaburi. Mzee amezikwa kwingine, na chini ya kigango hakuna maiti. Lugha ya magazeti ya kigeni, iliyoviita kwa muda mrefu nguzo za makaburi, ndiyo iliyoueneza upotofu huu, na wauzaji waliupenda kwa sababu unauza.

Wala havisimami ndani ya kaya. Kaya ni vile vijiji vya kale vilivyozungushiwa msitu, ambavyo leo ni misitu mitakatifu. Misitu ya kaya 10 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka uliofuata UNESCO ikaorodhesha desturi zinazohusiana na kaya kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakadhani ulinzi wa kaya unalinda vigango pia. Haulindi. Msitu wa kaya una mipaka, wazee wake na mara nyingi walinzi. Kigango kiko kwenye shamba la mtu kando ya barabara ya vumbi.

Kuhusu uchawi, jambo hili linastahili jibu la makini kwa sababu Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, mara nyingi kukiwa na ugomvi wa ardhi nyuma yake. Mchawi katika fikra za Wamijikenda ni mtu anayedhuru kwa siri. Kigango husimamishwa hadharani, mchana watu wakishuhudia, kwa ajili ya baba wa watu wanaojulikana. Hakiabudiwi kama mungu. Mungu kwa Wagiriama ni Mulungu, na wahenga ni wahenga. Mkristo au Mwislamu anaweza kukataa desturi hii kwa imani yake, na wengi wameikataa. Kukataa desturi ni jambo moja, kuiita kwa jina la kosa la jinai ni jambo jingine, na katika familia ambayo vijana wameaminishwa kwamba nguzo za babu ni za uchawi, mnunuzi wa magendo hupata kazi yake nusu imekwisha fanywa.

Wizi ulishamiri miaka ya 1970 na 1980. Utalii wa Malindi na Mombasa ulikuwa umepanda, maduka ya vinyago yalihitaji bidhaa, na wafanyabiashara wa sanaa wa Marekani, hasa Los Angeles, waligundua kwamba ubao wenye kichwa cha duara unapendeza sana sebuleni mwa tajiri. Mnyororo ulikuwa na mikono mitatu au minne. Kijana wa kijijini aliyeishiwa pesa alikwenda usiku kung'oa, akapewa shilingi chache. Dalali alipeleka kwenye duka la mjini. Mwenye duka aliuza kwa mnunuzi wa nje. Ng'ambo, kigango kile kile kiliuzwa kwa maelfu ya dola. Baadhi ya wanunuzi walikuwa watu wa Hollywood, na kwa sababu sheria za kodi za Marekani humpunguzia kodi anayetoa sanaa kwa makumbusho, vigango vingi viliishia humo kama zawadi. Ndivyo mamia yalivyojikusanya katika makumbusho yapatayo 20.

Je, sheria ya Kenya ilikuwa wapi? Ilikuwapo, lakini ilikuwa na mwanya, na mwanya huo haujazibika vizuri. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa kabla ya mwaka 1895. Milango ya nakshi imetajwa kwa jina, na inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya 1946. Kitu kingine cha kiutamaduni kilichotengenezwa baada ya 1895 kinahitaji waziri akitangaze katika Gazeti la Serikali ndipo kipate ulinzi huo. Kigango cha mzee aliyefariki mwaka 1950 kinaanguka katikati. Kukiiba ni wizi, hilo halina mjadala, lakini wizi wa mali ya mtu binafsi huhitaji mwenye mali aende polisi akathibitishe kwamba ni yake. Ofisa wa forodha anayekuta ubao ndani ya kontena hana cha kumwonyesha kwamba kuna aliyelalamika.

Kesi moja ilionyesha kinachowezekana ushahidi ukiwapo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy wa Chuo Kikuu cha Kentucky alimpiga picha mzee mmoja wa Chalani, karibu na Kaloleni, akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Mwaka huo huo vigango vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika, mwenzake Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kimoja cha Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, chenye mkusanyo mkubwa wa vigango. Wakishirikiana na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliitafuta familia wakaipata. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Vigango vilikabidhiwa jamaa zake mwaka 2007, vikasimamishwa tena Chalani, safari hii ndani ya wigo wa chuma.

Ona kilichofanya kazi pale. Hapakuwa na sheria iliyolazimisha. Watu wengi hudhani ile sheria ya Marekani ya 1990 inayoyataka makumbusho kurudisha mifupa na vitu vitakatifu vya wenyeji inawahusu Wamijikenda pia. Haiwahusu, inahusu wenyeji wa Marekani na Hawaii tu. Makumbusho yanayorejesha vigango hufanya hivyo kwa hiari, baada ya bodi kupiga kura, na yanayokataa hayavunji sheria hiyo. Kilichofanya kazi Chalani ilikuwa picha: sura ya kigango, jina la familia na jina la mahali, vyote katika fremu moja.

Vigango vingi havina picha ya namna hiyo. Hali yake ni kama kifurushi kilichotumwa kwa basi, kikafika stendi salama, lakini karatasi yenye jina na namba ya simu ya mpokeaji ilibanduka njiani. Kampuni ya basi haina nia mbaya. Inakiweka stoo kwa sababu haijui impigie nani.

Tuufuate basi mchakato wa kurejesha, hatua kwa hatua, tuone unapokwamia. Kwanza makumbusho ya ng'ambo hukagua kumbukumbu zake: kilitoka kwa nani, alikinunua wapi, lini. Mara nyingi kumbukumbu huishia kwa mfanyabiashara, na zaidi ya hapo zimeandikwa neno moja tu, Giriama. Pili, bodi huamua kukitoa kwenye mkusanyo. Hatua hii huchukua miezi, wakati mwingine miaka, kwa sababu wanasheria wanataka kujua anayekabidhiwa ni nani kisheria, na karibu kila mara jibu linakuwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kuwa ndiyo taasisi yenye mamlaka. Hapo ndipo Nairobi inapoingia. Si kwamba Nairobi imeupora urithi wa Pwani. Ni kwamba taasisi ya kigeni haiwezi kusaini hati na wazee ambao haijui ni wa mji upi.

Tatu huja sumu. Makumbusho ya zamani yalipaka au kunyunyizia mbao dawa za kuua wadudu, na baadhi ya dawa hizo zilikuwa na aseniki, zebaki au DDT. Kigango kilichokaa stoo miaka 30 kinapaswa kupimwa kabla ya kushikwa kwa mikono mitupu. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Kwa makumbusho kigango ni kitu cha kutazamwa nyuma ya kioo, lakini nyumbani kitaguswa, kitafungwa kitambaa, kitamwagiwa mnazi, na watoto watacheza karibu nacho. Familia inayokabidhiwa ina haki ya kuomba hati ya vipimo kwa maandishi.

Nne ni usafiri, na usafiri una mitego yake. Makumbusho ya Denver, Marekani, yalikubali mwaka 2014 kurudisha vigango 30, na havikufika Kenya hadi 2019, kwa sababu ya kutafuta fedha na kukamilisha makaratasi. Vilipofika uwanja wa ndege Nairobi, forodha iliviona ni kazi za sanaa zinazoingizwa nchini, ikadai ushuru wa makumi ya maelfu ya dola. Mali iliyoibwa ikatozwa kodi ya kurudi kwao! Yeyote anayepanga urejeshaji leo anapaswa kuwa na barua ya msamaha wa ushuru mkononi kabla makasha hayajapakiwa. Ukishafika uwanjani bila barua hiyo, gharama ya kuhifadhi mzigo huongezeka kila siku.

Tano ndiyo kurudi kijijini, na wengi hukwama hapa. Miji imehama. Waliokuwa watoto mwaka 1980 sasa ni wazee, na wengine wamehamia Mombasa au Malindi. Ardhi iliyokuwa ya ukoo huenda imeuzwa, na mnunuzi hataki nguzo za watu wengine shambani mwake. Zaidi ya hapo kuna utata wa kimila ambao wazee wenyewe hawaafikiani: kigango kilichong'olewa kikavuka bahari, kinaweza kusimamishwa tena bila ibada mpya? Kisiporudi pale pale kilipokuwa, bado kina kazi? Na nani agharamie ibada hiyo, ukoo au serikali? Kuna wanaosema kigango kisichojulikana ni cha nani kisisimamishwe kabisa, kwa sababu utakuwa unamkaribisha usiyemjua nyumbani kwako. Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyosikika mara ya kwanza.

Kwa hiyo mapendekezo yanayotolewa ni matatu. La kwanza ni kuvitunza Nairobi au Fort Jesus, Mombasa. La pili ni kuvipeleka kwenye kituo kimoja ndani ya Kilifi chini ya usimamizi wa wazee wa kaya. La tatu ni kuviacha vioze kama ambavyo vingeoza vingebaki shambani, na hili huwashtua watu wa makumbusho. Kwa maoni yetu la pili ndilo lenye mantiki zaidi kwa vigango visivyo na familia, kwa sharti kwamba picha zake zipelekwe vijijini na kuonyeshwa wazee walio hai sasa, Ganze, Kaloleni, Magarini, kabla ya hao nao kuondoka. Mtu aliyeona kigango cha babu yake kila siku akichunga mbuzi anaweza kuzitambua nakshi zake hata baada ya miaka 40. Kadiri wazee hao wanavyopungua, nafasi hiyo nayo inapungua.

Kwa familia ambayo bado ina vigango vyake vimesimama, kazi ni ya mchana mmoja na simu yenye kamera. Piga picha nne: mbele, nyuma na kila upande. Weka rula au futi kando ya nguzo ili urefu ujulikane. Piga kichwa kwa karibu, kisha nakshi kwa karibu, kwa sababu wezi wanaweza kubadilisha vitambaa lakini hawawezi kubadilisha mikato. Kila ufa na kila pembe iliyovunjika ipigwe picha. Kasoro ndiyo inayotofautisha kigango na kingine kinachofanana nacho. Picha moja imwonyeshe mtu wa familia akiwa amesimama kando yake. Andika jina la marehemu, ukoo wake, mwaka kiliposimamishwa kama unajulikana, jina la mchongaji, na majina ya wazee wawili wanaoweza kushuhudia. Chukua alama ya mahali kwa simu.

Nakala zikae sehemu mbili tofauti, moja kwa familia na nyingine kwenye ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyo karibu. Sura ya kigango inaweza kuonyeshwa popote, lakini mahali kilipo pasiwekwe Facebook wala kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kikiibwa, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo na picha zako, uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Bila namba hiyo DCI (idara ya upelelezi wa jinai) hawana msingi wa kuomba kigango kiingizwe katika orodha ya Interpol ya kazi za sanaa zilizoibwa, orodha ambayo mnada au makumbusho makini huitazama kabla ya kununua.